Ziwa la Kulia

Treni ya saa tatu na dakika nane kutoka Budapest
husimama kila mahali, hata pasipo na mtu,
kama tarishi asiyetaka kuruka mlango.
Zsombor ana wiki kumi na moja. Ratiba haijui.
Njaa ikimshika, imemshika.

Nilianza na la kushoto.
Nilijipanga: skafu ya mama begani,
vifungo viwili tu, uso dirishani,
macho chini kama mtu anayehesabu pesa zisizo zake.

Skafu akaipiga teke kabla hatujafika Székesfehérvár.

Mbele yangu bwana mwenye koti la kijani
alikuwa amefungua karatasi yake:
soseji, haradali, mkate, kitunguu kibichi.
Anatafuna, mafuta yanammeremeta kidevuni.
Akameza. Akakohoa kile kikohozi
kisichotoka kifuani.
"Choo kiko mwisho wa behewa," akasema,
kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni.

Choo nakijua. Nilikwenda kubadilisha nepi.
Komeo halishiki. Sakafuni kuna dimbwi
linalokwenda na kurudi treni ikifunga breki.
Sabuni iliisha, labda zama za mfalme wa mwisho.
Nikaitazama soseji yake.
Jibu likaja hadi menoni, nikalimeza.
Anyonyeshaye hagombi, husema mama,
hasira hushuka na maziwa.
Sijui kama ni kweli. Sikutaka kujaribu.

Mwanamke wa kiti cha pili akanitabasamia,
kisha akaangaza huku na huku
kuona ni nani aliyemwona akitabasamu.
Hilo liliniuma kuliko choo.

Akaja kondakta, jina kifuani: Szilárd.
Tiketi imo mfuko wa nyuma, nimeikalia.
Mkono mmoja uko chini ya kisogo cha mtoto,
wa pili umeshika mguu unaopiga mateke,
wa tatu sikuzaliwa nao.
Nikajiinua upande mmoja kama kuku anayetaga,
nikaitoa, nikaifikisha.
Na Zsombor, mpenda watu, kusikia sauti nzito
akaachia, akageuka amwone mwenye kofia.

Maziwa hayakuwa na habari kwamba ameacha.
Yakaruka, uzi mwembamba mweupe,
juu ya tiketi, juu ya kifungo cha shaba,
na tone moja, naapa, kwenye haradali.

Behewa zima kimya.
Szilárd akaifuta tiketi kwa mkono wa koti,
akaisoma mbele, akaisoma nyuma,
akaitoboa.
"Imelowa," akasema, "lakini ni halali."
Akaenda zake.

Bwana wa kijani aliiangalia soseji muda mrefu,
halafu akaikunja ndani ya karatasi.
Sikumwonea huruma.
Nilimwonea, kidogo.

Mama ananingoja Fonyód.
Skafu alinipa yeye: "Ujisitiri, mwanangu."
Juzi tu, kwa simu, baada ya miaka thelathini na mbili,
kanieleza habari za kiwanda cha kukopesha pichi:
kengele, dakika kumi, beseni la chumba cha nguo,
anajikamua ukutani, aproni imelowa hadi kiunoni,
nami kwa jirani, kilomita tatu, nalia.
"Yote nilimwaga," akasema,
kama anayekiri wizi.
Nilikuwa na cha kumjibu. Simu ikakatika,
au aliikata.

La kushoto limelegea sasa, jepesi kama mfuko mtupu.
La pili limejaa, gumu, linadai.
Nikamgeuza mtoto, nikafungua kifungo cha tatu.
Hapo reli ikapinda, miti ikaisha,
na ziwa likatokea, upande wa kulia,
kubwa, jeupe kwa jua la Machi,
limelala wazi kutoka ukingo hadi upeo,
bila kujifunika chochote.

Watu wote wakasogea dirishani kulitazama.
Hakuna aliyekohoa.

Skafu bado iko sakafuni.
Nitaiokota tukifika.